Neno Ambalo Hatukulipeleka Rungwa

Mwanangu Tabea,

Nimekutuma Kinampanda ukawaage watu wa ukoo, na ni kweli walitaka kukuona kabla hujaondoka. Lakini nimekutuma pia ili nyumba ibaki tupu nipate kuandika. Ungekuwepo ungeniuliza naandika nini, na wewe unanijua, uso wangu haujawahi kuficha kitu hata dakika moja. Leo nimeipua sufuria mapema. Dereva mmoja wa lori la vitunguu amelalamika kwamba mama Tabea siku hizi anafunga kama benki. Nikamwambia aende kwa jirani, supu ya jirani haijaua mtu bado.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kujifunika vizuri. Wewe ndiye muuguzi, mimi ni mpika ugali. Zahanati ya Rungwa imekuita wewe, na hayo utakwenda kuwafundisha wengine. Ninachotaka kukuandikia ni kwamba naogopa. Naogopa kuliko siku ile uliposhikwa na degedege mgongoni mwangu, maana siku ile nilijua pa kukimbilia.

Nianze na lile bango lililobandikwa ukutani mbele ya nyumba. Ulilisoma siku walipolibandika, ukaniuliza, "Mama, mbona limeandikwa jina lako peke yako?" Nikakujibu kwamba ndivyo wanavyoandika, nikakutuma dukani kununua chumvi, na chumvi tulikuwa nayo. Bango linasema mimi ninaomba nyumba hii ibadilishwe matumizi, itoke kwenye makazi iwe makazi na biashara, na mwenye pingamizi aende ofisi ya ardhi kabla muda haujaisha. Sababu unaijua. Sisi wapishi wa stendi tumeambiwa tupishe ujenzi, na nilipoomba leseni ya kupikia hapa nyumbani, bwana biashara wa halmashauri akaniambia nyumba ya kuishi haipewi leseni ya hoteli mpaka ardhi wakubali kubadilisha matumizi yake. Nikaenda ardhi. Mpaka hapo sikuwa na kosa lolote, na ningeishia hapo nisingekuwa naandika barua hii.

Lakini nyumba si yangu, Tabea. Ni ya babu yako, na babu yako yuko kaburini Kinampanda. Mirathi yake bado iko Mahakama ya Mwanzo, haijafungwa. Mimi ni msimamizi tu. Warithi ni wawili, mimi na mdogo wangu, mjomba wako Kitundu, huyo unayekwenda kuishi naye kijiji kimoja kuanzia kesho. Na Kitundu hajui habari ya bango.

Nataka uelewe nilifikaje hapa. Sitafuti kuonewa huruma, ila naona ni vibaya uondoke ukidhani mama yako aliamka asubuhi moja akawa mwizi.

Baba yako alipofariki tulikuwa Ikungi. Wewe ulikuwa unajifunza kutambaa. Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu na mnada, paa la bati, mlango wa mbao aliouchonga mwenyewe. Baada ya matanga ndugu zake waliniambia, "Shemeji, tulia, mambo ya mirathi tutayashughulikia sisi." Nikatulia. Nililia, nikanyonyesha, nikatulia. Kila aliyekuja nilimpikia uji. Siku moja nikarudi kutoka kisimani nikamkuta mwanamke nisiyemjua anafagia uani, akaniamkia vizuri kabisa, akaniambia yeye na mume wake wameuziwa. Sikugombana naye. Nilimwomba anisaidie kukufunga mgongoni, akanisaidia. Nikapanda gari nikarudi kwa baba yangu hapa Kiomboi.

Babu yako hakuniuliza kitu. Alinipa chumba cha nyuma na akakuchukua wewe mikononi. Lakini mimi nilijiapia moyoni kwamba sitatulia tena. Nilijifunza kwamba anayesubiri kwa adabu anakuta mtu mwingine anafagia uani kwake. Nimeishi na somo hilo miaka yote, na nikuambie ukweli, limetulisha. Ndilo lililonifanya niwe wa kwanza stendi asubuhi, wa kwanza kununua kuni, wa kwanza kuandikisha jina kila wanapoandikisha majina. Watu wakaniita mwanamke jasiri. Hawakujua kwamba mimi nikiogopa sikimbii. Nikiogopa naharakisha. Ukiniona nimeanza kufanya jambo upesi upesi, ujue hofu imenishika.

Basi babu yako alipokufa nikaharakisha.

Kikao cha ukoo unakikumbuka, kwa hiyo nitakieleza upande wangu tu. Kitundu alikuja kuzika, akaniambia mbele ya watu, "Dada, wewe ndiye uliyekaa na mzee, simamia," kisha akarudi Rungwa maana nyuki wake walikuwa kwenye msimu. Siku ya kikao hakuwepo, na simu yake haikupatikana, alikuwa porini. Ukoo wetu una utaratibu wake, mjomba asipokuwepo kikaoni mpwa wake hukaa kwenye kiti chake na kumsemea. Mpwa pekee wa Kitundu ni wewe. Wazee wakaguna kwa sababu wewe ni msichana. Babu Msengi, mdogo wake babu yako, akawakata kauli. "Mtoto wa dada ni mtoto wa dada. Akae."

Ukakaa. Umekunja miguu, umejifunga khanga yangu ya maua mekundu, umeweka mikono magotini kama mtu mzima. Nilijisikia fahari nusura nilie. Fahari ile ilinipumbaza.

Babu Msengi akakuuliza la kwanza, kama Kitundu anakubali dada yake asimamie mali za marehemu. Ukasema anakubali, na ilikuwa kweli, mwenyewe alikwisha sema. Akakuuliza la pili. Ikibidi nyumba ya Kiomboi ibomolewe upande wa mbele ili mama yako apate pa kupikia, Kitundu anakubali? Hapo ukanitazama. Tabea, ulinitazama, na mimi nikainua kidevu. Ukasema, "Anakubali."

Ulidhani nimezungumza naye. Sikuwa nimezungumza naye. Swali lenyewe mimi ndiye niliyemwomba babu Msengi aliulize.

Sasa utaratibu ule una nusu ya pili, na hiyo ndiyo inayoniumiza. Neno alilosema mpwa halijawa la mjomba mpaka mpwa ampelekee mwenyewe, amwambie uso kwa uso, "Nimekusemea hivi na hivi." Mjomba akikubali, limekuwa lake. Akikataa, wazee wanakaa upya. Na neno haliendi mikono mitupu, linakwenda na nyama ya mbuzi wa kikao iliyokaushwa, ili asiyekuwepo aonje naye. Nyama ya Kitundu niliitundika jikoni juu ya moshi. Mara mbili uliniuliza, "Mama, niende lini Rungwa?" Nikasema mvua, barabara mbovu. Nikasema nitampa kondakta. Nikasema Kitundu atakuja mwenyewe.

Ile nyama niliipika, mwanangu. Niliikata kata nikaitia kwenye supu ya stendi siku moja nyama ilipopungua. Wateja walisifu ladha ya moshi. Wewe ulikunywa bakuli zima ukaomba lingine. Nikakuongezea.

Sikutaka neno lifike kwa sababu nilijua atakataa, na sababu ya kukataa naijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Upande wa mbele unaotakiwa kubomolewa ni chumba chake.

Wewe umekikuta kimefungwa na ukazoea kwamba kimefungwa. Kitundu alipokuwa kijana aliweka mzinga nje ya dirisha la chumba kile, akawa anashinda anawatazama nyuki kuliko vitabu. Babu yako alinung'unika lakini alivumilia. Kisha Jumapili moja mchungaji alikuja kutembelea, nyuki wakamvamia mlangoni, mchungaji wa watu akakimbia barabara nzima na joho lake kichwani. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Babu yako hakucheka. Alimwambia Kitundu achague, nyuki au nyumba. Nadhani alitegemea ataomba radhi. Kitundu akafunga mzinga wake kwa gunia, akaondoka, na amefanya maisha yake Rungwa kwa asali.

Wote wawili walikuwa wakaidi, hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Ila babu yako alikuwa anakifagia kile chumba mwenyewe, kisha anakifunga. Alipougua, nilimwomba tumhamishie kule kwa sababu kina hewa na mwanga, na mimi ningemsikia vizuri akiita. Akakataa. Akaniambia kwa Kinyiramba, kwa sauti ndogo ya mgonjwa, kwamba kile ni cha Kitundu, je, akirudi usiku atalala wapi? Akafia kwenye kile chumba chenye giza cha uani. Maneno hayo sikumwambia mtu. Sikumwambia hata Kitundu siku ya mazishi. Nilikuwa nayo mdomoni nikayameza, maana tayari nilikuwa nimeanza kupiga hesabu ya wapi meza zitakaa.

Ofisi ya ardhi nilikutana na kijana mpole, afisa wa mipango miji, umri wako hivi au kukupita kidogo. Aliniamkia, akanipa kiti.

"Mama, mirathi imefungwa?"

"Iko ukingoni."

"Msimamizi si mmiliki, mama. Warithi wenzako wanajua?"

"Ni mmoja tu. Anajua."

"Amekubali kwa maandishi?"

"Alisemewa kikaoni na mpwa wake, kwa utaratibu wetu."

Akauliza huyo mpwa ni nani. Nikataja majina yako yote matatu, akayaandika. Akaniambia ombi atalipokea na bango litabandikwa, lakini kabla kamati haijakaa anataka huyo mrithi afike mwenyewe au alete barua yake, la sivyo haliwezi kupita. Nikasema sawa. Nilikuwa tayari kusema sawa kwa chochote. Nilishika njia kurudi nikiwa na furaha ya kijinga, nikamwita fundi, akachora kwa chaki kwenye ukuta wa Kitundu mahali pa dirisha la kuuzia.

Hofu ilinipata nilipobaki peke yangu na ile chaki. Nilikuwa nimesimama pale nikaona kwamba yule mwanamke wa Ikungi, aliyekuwa anafagia uani kwangu, leo ni mimi.

Tangu hapo silali vizuri. Wiki iliyopita mtu alisimama mbele ya bango akalipiga picha kwa simu. Nikamuuliza ni la nini, akasema, "Hamna mama, naona tu." Nani anaona tu bango? Sasa simu yangu ikiita naacha ugali unaungua. Nikisikia pikipiki imesimama nje natoka na mwiko mkononi. Naogopa kuvuliwa usimamizi mbele ya watu wanaokula kwangu kila siku. Naogopa kubaki sina stendi wala nyumba, kama vile nilivyobaki Ikungi, ila sasa sina baba wa kumrudia. Na juu ya yote naogopa kwa ajili yako. Wewe sasa ni mtumishi wa serikali, uko kwenye kipindi cha majaribio, na jina lako nimelitia kwenye faili kwamba ulisema kwa niaba ya mrithi. Kitundu akisimama mbele ya hakimu akasema hakumtuma mtoto yule, si mimi peke yangu nitakayeulizwa.

Ulipokuja mbio na simu, "Mama, nimepangiwa Rungwa!", nilidondosha mwiko ukadhani nasikitika kwa umbali. Ukanishika mabega ukanituliza, "Mama, mjomba yupo." Nilijua yupo. Kati ya zahanati zote za nchi hii, wakakupeleka mlangoni kwake.

Kisha juzi akapiga yeye mwenyewe. Wewe ulikuwa umekwenda kuchukua mabegi kwa fundi viatu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo mdogo wangu?"

"Sijambo. Nasikia mtoto kapangiwa huku kwetu."

"Nani kakwambia?"

"Pale zahanati wote wananunua asali kwangu, dada. Sasa sikiliza, asihangaike kutafuta chumba. Nimempa changu. Mimi nitahamia kule ninakoweka mizinga. Nimekwisha kipaka chokaa."

Unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza kama mlango una komeo. Ndilo lililonitoka. Akacheka sana, akasema kwani yeye ataweka mtoto wa dada yake kwenye chumba kisicho na komeo. Halafu akaniuliza kama nyumba ya mzee iko salama. Nikasema iko. Akauliza kama chumba chake hakivuji. Nikasema hakivuji. Mtandao ukakatika, nikashukuru Mungu kwa kukatika kwa mtandao, dhambi gani hiyo.

Mtu angenitukana ningejua la kumjibu, unanijua. Lakini yeye amekupakia chumba chokaa.

Sasa nikuambie barua hii ilivyoanza. Hii unayosoma ni ya pili. Ya kwanza niliiandika baada ya chakula, fupi, nzuri, na ilikuwa inakuomba jambo moja. Ukifika Rungwa usitaje bango, usitaje fundi, akikuuliza nyumba sema iko kama alivyoiacha, mpaka muda wa pingamizi uishe. Nilikuwa nimekwisha kuikunja. Nikakumbuka ulivyonitazama kikaoni, na kwamba ukiisoma barua ile utafanya nilivyokuambia, kwa sababu mara zote umefanya nilivyokuambia. Utalala kwenye chumba alichokuachia, utakula asali yake, na kila asubuhi utamdanganya kwa ajili yangu. Ile barua nimeitia kwenye jiko la mkaa.

Nikafikiri basi nikuombe kinyume chake, umwambie wewe ukifika. Wewe una maneno mazuri kuliko mimi, na mpwa akisema mjomba husikia. Nimeandika mpaka hapa nikiwa na nia hiyo. Lakini nikisoma nyuma naona ni ujanja ule ule. Kwanza nilikufanya uwe mdomo wa mjomba wako, sasa nataka uwe wangu. Hapana. Tabea, naiweka kalamu chini. Nampigia.

Nimerudi. Mwandiko utauona ulivyo, usinicheke.

Haikuita mara ya kwanza. Wala ya pili. Nikasema moyoni, Mungu ameniokoa, hapatikani. Mara ya tatu akapokea, na nyuma yake nasikia upepo, nadhani alikuwa amepanda kile kilima chao cha mtandao. Sikumpa nafasi ya kuamkia. Nilimwambia yote kwa mkupuo, bango, chaki, kikao, kidevu changu, nyama. Nilimwambia na maneno ya mzee kuhusu chumba, yale niliyoyameza. Nililia katikati lakini sikuacha kusema, niliogopa nikinyamaza nitashindwa kuendelea.

Nikamaliza. Nikamwita, "Kitundu?" Nikadhani mtandao.

"Nipo," akasema. "Mtoto alijua?"

"Hakujua. Alidhani nimezungumza na wewe."

"Una hakika?"

"Aliniangalia mimi. Mimi ndiye niliyemwonyesha aseme nini."

Akauliza, "Mzee alisema nikirudi usiku nitalala wapi? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo."

Nikasikia sauti, sijui ilikuwa kikohozi au nini. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu wa ofisini. Akaniambia kesho ombi liondolewe na bango litoke ukutani. Akasema atakuja mahakamani yeye mwenyewe, hakimu asikie kutoka kwake, na kama nitaendelea kuwa msimamizi au la hilo mahakama itaamua, yeye hataniombea wala hatanisukuma. Nikamwambia, karibu, nitakuandalia. Akasema, "Usiandae, dada. Nitafikia nyumba ya wageni."

Nyumba ya wageni, Tabea. Mwana wa mwenye nyumba aje Kiomboi alale nyumba ya wageni, na watu wote wamwone anaingia. Ni haki yake.

Nikamuuliza, na Tabea je?

Akajibu kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Tabea anakuja kwangu. Chokaa imekauka." Akakata simu bila kuaga, na yeye hajawahi kunikatia simu maisha yake yote.

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo wakati unarudi kutoka Kinampanda. Kesho nikishakupandisha gari nitakwenda ofisi ya ardhi kuondoa ombi. Nitamwambia yule kijana kwamba jina lako nililitoa mimi na wewe hukujua, na ningependa aandike hivyo nikiwa nimeketi mbele yake. Nikitoka pale nitapita mahakamani kumwambia karani. Sijui watanifanya nini. Sijui nitapikia wapi stendi ikifungwa. Nyumba tunaweza kuigawa, tunaweza kuambiwa tuiuze, yote yanaweza kunikuta. Nikuongopee kwamba hofu imeisha? Haijaisha, nimekaa nayo hapa mezani na inanitazama. Lakini nusu yake iliyokuwa juu yako imetoka, na hiyo ndiyo iliyokuwa inanikaba.

Ukiwa huko peke yako siku moja utaogopa, kila mtu anaogopa, hata wewe unayechoma watu sindano bila kupepesa. Mimi nilichopata kwa hofu yangu ni hiki tu, niliogopa kunyang'anywa mpaka nikaanza kunyang'anya, na sikujua nilivuka lini. Sina dawa ya kukupa. Ukijiona unaharakisha, simama kidogo uangalie ni nani hayupo chumbani.

Watoto wa jirani wanakupokea mzigo, nasikia kelele zenu barabarani. Barua hii utaikuta chini kabisa ya begi, usiifungue mbele yangu.

Ukifika mwamkie mjomba wako kabla ya kushusha chochote. Ile nusu ya pili ya utaratibu bado ni yako, na safari hii uende nayo yote. Mwambie maneno yote mawili uliyomsemea, la kweli na lisilo la kweli, mwachie akatae. Ataanza kunisema. Ana mengi, mengine ya tangu tukiwa watoto, na usiku huo hataishiwa. Usinitetee, mwanangu. Kaa naye mpaka amalize.

Mimi mama yako.